Barua ya Toba Niliyoisahihisha

Kosa langu la kwanza nilipokuwa katibu wa kanisa halikuwa wizi wala ulevi. Nilisahihisha barua ya msichana. Nakumbuka ilikuwa Jumanne, msimu wa kupura maharage, na mikono yake ilikuwa bado na vumbi la makapi alipoiweka mezani kwangu.

Mwanangu, unisamehe kukuita hivyo. Nina miaka thelathini na mmoja tu, na baadhi yenu mnaosoma haya tumecheza mpira pamoja. Lakini kanisa letu la huku Rungwe Mpya liliniweka kuwa mzee wa kanisa mapema, kabla ya mvi, na nimeona kwamba mtu anayekiri kosa lake mbele ya vijana ni lazima akubali kuwa baba yao kwa muda huo. Kwa hiyo nivumilie, na kama nitarudia jambo, jua kwamba naogopa kulisema vibaya. Ugonjwa huo ninao tangu zamani.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliiacha kidato cha pili baba alipofariki, nikajifundisha mwenyewe kwa kamusi kuukuu na kitabu cha barua za ofisini kilichokuwa hakina jalada. Nikikosea neno moja katika muhtasari wa kikao, naandika ukurasa wote upya. Nikisoma matangazo ya Jumapili nikataja vibaya jina la mtu, siku hiyo nashinda bila kula. Wazee walinipenda kwa hilo. "Mwandiko wa kijana huyu hata malaika hakosoi," mchungaji alikuwa akisema, nami nilikuwa mjinga wa kutosha kuamini kwamba asiyekosea maandishi hakosei.

Kanisani kwetu kulikuwa na utaratibu. Msichana akipata mimba bila ndoa, anatolewa kwenye kwaya, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na Meza ya Bwana haigusi. Akitaka kurudi, anaandika barua ya toba. Katibu anaihakiki, kisha Jumapili inasomwa mbele ya watu wote. Barua ilikuwa na umbo lake: mimi fulani nimeanguka katika dhambi ya uzinzi, namwomba Mungu na kanisa wanisamehe. Mvulana haandiki barua. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Msichana wangu wa Jumanne ile aliitwa Anjelina, binti wa Mzee Bukuru, miaka kumi na tisa, mwimbaji wa sauti ya pili. Alikuwa ameandika kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Nakumbuka kila neno: "Sikuanguka. Nilipeleka mahindi kusaga. Mwenye mashine akafunga mlango, akanikamata kwa nguvu. Nilipiga kelele lakini mashine ilikuwa inanguruma. Naomba kanisa liniombee."

Niliisoma mara mbili. Kisha nikachukua rula.

"Dada Anjelina," nikamwambia, "barua ya toba haiandikwi hivi. Hapa hujatubu."

"Nitubu nini, katibu?"

"Utaratibu ndivyo ulivyo. Andika kama wenzako walivyoandika."

"Niandike kwamba nilianguka?"

"Ndiyo umbo la barua."

"Basi andika wewe. Si ndiye unayejua?"

Nikaandika. Nilifuta mashine, nikafuta mlango, nikafuta kelele, nikaweka kuanguka. Nilimpa asaini. Alisaini, akainua kichwa, akasema polepole, "Na wewe sasa umefunga mlango." Akaondoka.

Nilijiambia nimefuata utaratibu. Uongo. Mwenye mashine ndiye aliyetoa bati za nusu ya paa la kanisa letu, na kila Jumapili aliketi mstari wa tatu, na akikohoa wazee wanageuka. Niliogopa. Mwanangu, utaratibu ni pango zuri la mtu mwoga, maana ukiwa ndani yake hata wewe mwenyewe hujioni.

Jumapili nikaisoma barua ile bila kukosea hata nukta. Sikujua barua ile ilikuwa inafanya nini nyumbani kwa Mzee Bukuru. Baba yule alikuwa bado anapima maneno ya binti yake, nusu anaamini, nusu hapana. Barua yangu ikampa jibu: mtoto ameanguka mwenyewe, amesaini. Mchana ule alimpiga kwa mpini wa jembe mpaka majirani wakaingia kati.

Na mimi? Mimi nilikuwa naandaa maombi. Siku hizo kulikuwa na habari za msichana wa kata jirani aliyekufa kwa dawa za kutoa mimba, na habari za wanawake kupigwa na kubakwa zilikuwa kila kijiji. Nikapendekeza kanisa lifunge siku tatu kuomba dhidi ya ukatili na utoaji mimba. Niliandika mpangilio mzuri sana, wenye vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari. Alhamisi, siku ya mwisho, nilikuwa nimesimama mbele, mikono juu, nikipaza sauti, "Bwana, komesha damu katika nchi hii!" ndipo mama yake Anjelina alipoingia bila viatu.

Kiongozi wa akina mama wa maombi alikuwa Bibi Velonika. Huyu alivuka kutoka Burundi akiwa binti, akakaa kambini, akaolewa, akazika mume, akapata uraia, na bado alikuwa analima mihogo yake mwenyewe akiwa amepita miaka sitini. Akaniambia, "Katibu, acha kwanza."

"Bibi, tuko kwenye maombi."

"Tuko kwenye kelele. Mungu hana shida ya masikio." Akamgeukia yule mama. "Sema, mwenzangu."

"Anjelina amekwenda Busunzu kwa yule mama wa dawa. Baba yake amemwambia arudi akiwa mwepesi, au asirudi kabisa."

"Mimba ni ya nani?"

"Ya mwenye mashine. Kwa nguvu. Mtoto aliandika yote kwenye barua."

"Barua gani? Mbona tuliyosomewa haikusema hivyo?"

Macho yote yakanigeukia. Ningeweza kusema sikumbuki. Nikasema, "Niliisahihisha."

Bibi Velonika hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alikuja mpaka karibu, akanitazama kama mtu anayeangalia mbegu iliyooza. "Yaani umemwandikia Mungu uongo kwa mwandiko mzuri," akasema. "Haya, twende. Tumeomba tukiwa tumesimama, sasa tunaomba tukitembea."

Tukapata kijana mmoja wa bodaboda. Alipoona ni watu wawili akashika kiuno. "Bibi, mshikaki barabarani polisi wanakamata."

"Wakinikamata waambie wamekamata kanisa. Washa."

"Na ukianguka?"

"Nimeanguka toka kabla baba yako hajazaliwa. Washa, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kirundi.

Njia ya kwenda Busunzu ni milima na vumbi jekundu. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika Biblia, natafuta kichwani mistari nitakayomsomea. Nilikuwa nimeipanga kwa mfuatano: kwanza uhai, pili toba, tatu rehema. Hata pale, mwanangu, nilikuwa bado natafuta kufaulu mtihani.

Tulifika jua likiwa utosini. Mama wa dawa alikuwa uani, anaanika mihogo. "Mmekuja kununua au kugombana?" akauliza.

"Tumekuja kumwona binti yetu," Bibi akamjibu.

Sauti ya Anjelina ikatoka jikoni kabla hatujaingia. "Binti yenu? Jumapili nilikuwa wa nani?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, jicho moja limevimba, na mbele yake kikombe cha bati kimejaa. Kilikuwa hakijaguswa. Nikafungua Biblia. Bibi Velonika akaweka kiganja chake juu ya ukurasa, akaifunga taratibu, akakaa chini kwenye udongo, chini kuliko yule binti.

"Mkinichukua mtaniweka wapi?" Anjelina akasema. "Benchi la nyuma? Baba ameshika mpini, kanisa limeshika barua. Huyu mama angalau amenipa kigoda."

"Kweli," Bibi akasema.

Anjelina hakutegemea jibu hilo. Mimi pia sikulitegemea.

"Sikuja kukuambia wewe ni mbaya," Bibi akaendelea. "Nimekuja kukuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka tuliokimbia, nilikuwa mdogo kuliko wewe. Wenye bunduki walitukuta kwenye mafunjo kabla ya mto. Wawili. Nilivuka mto nikiwa na mimba yao. Upande huu mwanamke mmoja akanionea huruma, akanipa kikombe kama hicho. Nilikunywa peke yangu nyuma ya hema. Nilivuja damu siku nne, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Wananiita mama wa maombi. Mwana wanje, nimekuwa nikimwombea mtoto yule miaka yote, bila jina, kwa sababu sikuthubutu hata kumpa jina. Yule mwanamke simlaumu. Nalaumu kwamba katika kambi nzima yenye Wakristo maelfu, hakuna aliyekuja kukaa chini pale nyuma ya hema na kuniambia, njoo kwangu, utakula, utazaa, na anayekutukana aanze na mimi."

Akamshika mkono. Kisha akasema, "Basi mimi nimekuja. Njoo kwangu. Utakula, utazaa, na anayekutukana aanze na mimi."

Sala yake ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kusikia: "Mungu, unaona. Amina."

Anjelina alilia kwa muda. Halafu akanigeukia. "Na wewe, katibu, umekuja kufanya nini?"

Mistari yangu yote ilikuwa imekimbia. "Nimekuja kukuambia niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Bati."

Akacheka, kicheko chenye machozi na hasira. "Yampaye inka!" akapaza mshangao wa Kirundi. "Aliogopa bati!" Hata mama wa dawa alicheka kule uani. Kisha Anjelina akaacha kucheka. "Jumapili utasema ulichokifuta?"

"Nitasema."

"Yeye akiwa amekaa mstari wake wa tatu?"

"Akiwa amekaa."

Akakisukuma kikombe kwa mguu mpaka kikamwagika. "Nina njaa," akasema.

Tulikula ugali wa muhogo na maharage kwa mama ntilie mmoja pale barabarani, sahani tatu, yeye akaongeza ya pili. Siku ileile Bibi alimpeleka kituo cha afya akatazamwe yale majeraha, na kutoka hapo polisi, kwenye dawati la jinsia. Askari mmoja wa kike aliandika maneno yake kama alivyoyasema. Sikuruhusiwa kuingia, na nilistahili kuzuiwa.

Sasa Jumapili. Anjelina aliingia, na miguu yake kwa mazoea ikampeleka benchi la nyuma. Kabla mchungaji hajafungua ibada, Bibi Velonika akasimama kutoka mbele, akajifunga kanga yake vizuri, akatembea katikati ya kanisa mpaka mlangoni, akakaa kando yake.

Mchungaji akasema, "Bibi, nafasi yako iko huku."

"Mchungaji, kama hili ni benchi la waliobakwa na waliotoa mimba, nimechelewa kukaa hapa zaidi ya miaka arobaini."

Mchungaji akafunga kitabu chake. Kisha mama mmoja wa maombi akainuka, akaenda nyuma. Mwingine. Mwingine tena. Benchi likajaa, wakakaa sakafuni. Wengine sijui kwa nini walikwenda, na mpaka leo sijawauliza.

Ikawa zamu yangu ya matangazo. Nilikuwa na karatasi niliyoiandika upya mara nne. Niliitazama mara moja, nikaiweka mfukoni. Nikasema nilichofuta. Nikasema mashine, nikasema mlango, nikasema kelele, nikasema aliyefuta ni mimi na sababu ni woga.

Mwenye mashine hakusimama. Alikohoa, na safari hii wazee hawakujua wageuke wapi. "Kijana, una ushahidi?"

"Mimi nina kosa langu tu. Ushahidi anao mwenyewe."

Anjelina akasimama kule nyuma, akasema kwa mdomo wake, maneno machache kuliko yale ya barua. Mzee mmoja akapiga kelele, "Mnachafua nyumba ya Mungu!" Bibi Velonika akamjibu bila kuinuka, "Ilichafuka siku tuliyonyamaza. Leo tunafagia."

Usidhani mambo yalikuwa mepesi baada ya pale. Mzee Bukuru alitoka nje, na hakuzungumza na binti yake karibu mwaka mzima. Mwenye mashine alipoitwa polisi mara ya pili alikuwa ameshapakia mashine yake kwenye lori na kuhama. Jalada lipo, mtu hayupo. Lakini kabla ya kuhama alituma mafundi wakafungua bati zake. Asubuhi moja tukakuta nusu ya kanisa iko wazi kama uwanja. Na ilikuwa mwanzo wa mvua.

Watu walitucheka sokoni. "Maombi yenu yameondoa mashine, sasa yameondoa paa. Ombeni taratibu, msije mkaondoa na milima." Wanawake waliokuwa wakisaga karibu sasa walitembea mbali na ndoo kichwani, na wengine walinitukana usoni. Lakini nilikuwa na Jumapili ile ya kwanza ya mvua: kwaya ilikuwa upande usio na paa, na mchungaji, ambaye alikuwa ameona aibu wiki nzima, akasema, "Nani anataka tuhamie upande mkavu?" Hakuna aliyesogea. Anjelina alikuwa amerudi kwenye sauti ya pili, tumbo limeanza kuonekana, gauni limelowa mpaka linamwaga maji. Tuliimba tukiwa tumelowa. Sijawahi kuimba vibaya vile, na sijawahi kuimba kwa furaha vile. Miezi mingi baadaye tulifunika kwa maturubai, kisha kwa bati zetu wenyewe, moja moja.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Anjelina alimpa jina la Habonimana, ambalo kwa lugha ya kina Bibi Velonika ni kusema anayeona ni Mungu. Leo yuko darasa la pili na ana mdomo kama mama yake. Anjelina anashona Kasulu mjini, ana cherehani mbili. Alinisamehe, aliniambia hivyo kwa kinywa chake. Lakini haabudu kwetu. Amechagua kanisa jingine, na nikipita mjini ananikaribisha chai na hatuzungumzii habari hizi. Kuna kidonda kinachopona na kovu linabaki, na mwenye kovu ndiye anayepanga lionekane au lifunikwe.

Mwanangu, sasa sikiliza nasaha yangu, maana nimeizunguka vya kutosha. Uhai wa mtoto tumboni ni wa Mungu. Naamini hivyo, na sitaomba radhi kwa kuamini. Lakini usimwambie msichana maneno hayo ukiwa umesimama mlangoni umeshika fimbo au umeshika kalamu. Keti chini kwanza. Ukisema azae, sema pia atalala wapi, nani atamshika mkono wodini, nani atakayekwenda naye polisi, na nani atakayesimama kati yake na baba yake. Ukishindwa kuyasema hayo, nyamaza, uende ukajiombee mwenyewe.

Kama ni wewe uliyeumizwa, usikubali mtu asahihishe maneno yako. Wahenga wa kwetu wanasema ukweli hupita motoni na hauungui. Na kama umeshakunywa kikombe, uko mahali fulani nyuma ya hema lako unadhani hakuna sala inayokufikia, njoo. Njoo na damu yako na aibu yako. Hatutakuandikisha barua.

Na kama ni wewe uliyeumiza, kutoa bati hakufuti kosa lako mbele za Mungu. Kila Alhamisi tunamtaja yule mtu kwa jina, tunamwomba Mungu amlete kwenye toba na kwenye mahakama, vyote viwili, na kila mwaka mimi na mama mmoja wa maombi tunakwenda kituoni kuuliza jalada lake. Askari wameshatuzoea, wanatuita wale wa Rungwe. Kuna methali inasema mnyonge hana haki. Mimi methali hiyo naikataa. Waliotunga walikuwa wamechoka, nawasamehe, lakini naikataa, na nawaomba na ninyi muikatae mkiwa bado vijana, kabla hamjazoea kuinamisha kichwa mtu akikohoa.

Mungu awape macho ya kuona kilichofutwa. Awape magoti magumu ya kuombea na miguu isiyoogopa umbali. Awalinde binti zetu wanapokwenda kisimani, mashineni na shambani, na awape wana wetu mikono ambayo hakuna mwanamke atakayeiogopa. Mkikosea, na mtakosea, Mungu awape ujasiri wa kulitaja kosa mbele ya watu wale wale.

Siku hizi kanisani kwetu barua ya toba haipo tena. Msichana akiumizwa, akina mama wawili wanafika kwao siku hiyohiyo, wanakwenda naye kituo cha afya na polisi, na akikosa pa kulala analala kwa Bibi Velonika, ambaye macho yake sasa yamepungua nuru. Wiki hii yuko huko binti mmoja wa kutoka Kasanda, mimba ya miezi saba, na zamu ya kupika ni ya mke wangu na mimi.